Mwongozo Kamili wa Kumtunza Nyumbani Mombasa Mgonjwa wa Saratani ya Umio Aliyedungwa Dawa Inayoamshwa na Mwanga

Familia zinazorudi Mombasa kutoka nje ya nchi na mgonjwa aliyetibiwa uvimbe wa umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, kwa dawa inayoamshwa na mwanga hukwama mara nyingi mahali pamoja. Hospitali imefanya kazi yake, mwanga wa leza wa kuiamsha dawa umepita, mgonjwa ameanza tena kumeza, kisha anaungua uso na mikono kwa jua la dakika chache. Familia nyingine hukimbilia upande wa pili: humfungia mgonjwa katika chumba cha giza mwezi mzima, na siku anapotoka anaungua vile vile. Makosa hayo yanaonekana kupingana, lakini chanzo chake ni kimoja, nacho ni kwamba watu huambiwa wajihadhari na jua bila kuelezwa ni mwanga upi unaodhuru, ni upi unaosaidia, na kwa muda gani.

Maelezo haya yanamhusu mgonjwa aliyepewa porfima sodiamu, ambayo hospitali nyingi huiita kwa jina la kibiashara, Photofrin. Zipo dawa nyingine za jamii hiyo zenye masharti tofauti: talaporfini inayotumika Japani humulikwa saa 4 hadi 6 tu baada ya kudungwa na kinga yake ya jua ni fupi zaidi, na ile ya kunywa iitwayo ALA hutoka mwilini kwa siku chache. Kwa hiyo soma kwanza barua ya hospitali. Ikiwa jina lililoandikwa humo si porfima, hesabu za siku zilizo hapa chini si zako, na umwulize daktari aliyemtibu mgonjwa.

Jambo moja la kuelewa kabla ya yote. Dawa hii ikiwa peke yake mwilini haifanyi kitu kikubwa. Inapopigwa na mwanga, palipo na oksijeni, huigeuza oksijeni hiyo kuwa kali kiasi cha kuua chembe zilizo karibu na kuziba mishipa midogo inayoulisha uvimbe. Ndani ya umio mwanga huo ni wa leza nyekundu. Lakini dawa haikai kwenye uvimbe peke yake. Hubaki kwenye ngozi na macho kwa wiki kadhaa, na huko mwanga wake ni jua la Mombasa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya safari

Tafuta vitu hivi kabla dawa haijadungwa, kwa sababu ngozi huanza kudhurika na mwanga tangu dakika ile ile ya sindano.

- Barua ya daktari yenye jina la dawa, kipimo, tarehe na saa kamili ya kudungwa. Iwe na nakala mbili.
- Miwani myeusi inayopitisha chini ya asilimia 4 ya mwanga. Miwani mingi inayouzwa barabarani haifikii kiwango hicho hata kama kioo chake ni cheusi. Nunua kwa mtaalamu wa macho na umtajie kiwango hicho.
- Nguo zilizofumwa kwa kushikana: shati la mikono mirefu, suruali nzito, soksi, viatu vilivyofunika mguu wote, glavu za kitambaa, na kofia yenye ukingo mpana.
- Kitambaa kizito cha kufunika uso na shingo. Mwanamke anayevaa buibui jeusi zito na nikabu ya tabaka zaidi ya moja tayari ana sehemu kubwa ya kinga yake, ila asisahau mikono na miguu.
- Mapazia mazito ya madirisha atakapokaa mgonjwa. Leso haitoshi.
- Kipimajoto, mashine ya kusagia chakula, na kichujio cha uji.
- Mfuko wa karatasi ya kaki, utakaohitajika kwenye jaribio la ngozi.
- Daftari moja, lisitumiwe kwa jambo jingine lolote.

Nguo ijaribu hivi: iinue mbele ya balbu inayowaka. Ukiona umbo la balbu kupitia kitambaa, nguo hiyo haifai kwa safari ya mchana. Kanzu nyingi nyeupe za pamba nyepesi hushindwa jaribio hili, hivyo mwanamume anayependa kanzu avae nguo nzito ndani yake.

Losheni ya kuzuia jua sikuiweka kwenye orodha kwa makusudi. Losheni hizo huzuia miale ya jua isiyoonekana, ilhali porfima huamshwa na mwanga ule ule tunaouona kwa macho. Mtu aliyejipaka losheni ya bei ghali akatoka nje kifua wazi ataungua sawa na asiyejipaka.

## Hatua ya 1: Hakikisha tiba hii inamfaa mgonjwa wako

Maswali haya huulizwa kabla ya kulipa hata shilingi moja ya safari.

Swali la kwanza ni lengo la tiba. Kwa uvimbe mdogo ulio juu juu kwenye utando wa umio, inaweza kuuondoa. Kwa uvimbe uliokwisha kuziba njia, kazi yake ni kufungua njia ili mgonjwa ameze tena, na si kuponya saratani. Ikiwa lengo ni hilo la pili, mwulize daktari kama stenti, yaani mrija mdogo unaowekwa kuiacha njia wazi, ingefanya kazi hiyo hiyo. Stenti za umio huwekwa hapa Kenya. Hospitali ya Tenwek kule Bomet inajulikana kwa miaka mingi kwa kazi hiyo. Kwa maoni yangu, mzee ambaye miezi yake ni ya kuhesabika asiahidiwe mwezi mmoja wa kukimbia jua kabla hajaelezwa wazi njia nyingine zilizopo.

Swali la pili ni vizuizi. Tiba hii haifanywi kwa mgonjwa mwenye porfiria (ugonjwa nadra wa utengenezaji wa damu), wala mwenye tundu kati ya umio na njia ya hewa, ambaye dalili yake kubwa ni kukohoa kila anapokunywa maji, wala kwa uvimbe uliokula ukuta wa mshipa mkubwa wa damu. Mwenye ini lililoharibika achunguzwe kwa makini, kwa kuwa mishipa iliyovimba ndani ya umio inaweza kupasuka. Ini au figo zikiwa dhaifu sana, dawa hukawia kutoka na kinga ya jua inaweza kurefuka hadi siku 90 au zaidi.

Swali la tatu ndilo linalosahaulika: dawa anazomeza mgonjwa kila siku. Doksisaiklini, septrini, siprofloksasini, griseofulvini ya fangasi, glibenklamaidi ya sukari, na vidonge vya presha vya kundi la haidroklorothiazaidi vyote huongeza ukali wa jua kwenye ngozi. Dawa hizi zimo katika nyumba nyingi za Mombasa. Usimwachishe mgonjwa dawa kwa uamuzi wako. Beba pakiti zote umwonyeshe daktari, naye aamue ipi ibadilishwe.

Kama mgonjwa alipigwa mionzi karibuni, sema. Kwa kawaida huachwa nafasi ya wiki 4 baada ya mionzi kabla ya tiba hii, na wiki 2 hadi 4 baada ya tiba hii kabla ya mionzi.

## Hatua ya 2: Tayarisha nyumba ukiwa bado una mgonjwa asiye na dawa

Simama katika chumba atakachokaa saa 8 mchana, siku ya jua kali. Tazama sakafu na kuta. Doa lolote la jua, hata la ukubwa wa sarafu kutoka tundu la msumari kwenye bati, lizibwe. Kisha tazama mwanga unaorudishwa: ukuta mweupe wa jirani, bati jipya la ng'ambo ya pili, maji au mchanga mweupe mbele ya dirisha, vyote hurusha mwanga ndani hata kama jua lenyewe haliingii.

Nyumba za kale za Kibokoni na mitaa ya karibu yake, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vyembamba, huwa rahisi kutayarisha. Fleti mpya za Nyali na Bamburi zenye vioo kutoka sakafuni hadi juu ni kazi kubwa zaidi, na mara nyingi chumba cha kati au ukumbi wa ndani ni bora kuliko chumba cha kulala chenye mandhari ya bahari. Kumbuka kwamba kioo hakizuii mwanga huu. Weka kitanda na kiti angalau mita 2 kutoka dirishani.

Kumbuka pia njia ya kwenda chooni. Katika nyumba zenye ua, choo huwa nje, na mgonjwa huvuka jua mara kadhaa kwa siku. Tandika turubai zito juu ya njia hiyo na pembeni mwake, au panga matumizi ya chombo cha ndani mchana.

Usizibe kila kitu. Ukimaliza kazi, chumba kiwe na mwanga wa kutosha mtu kusoma gazeti kwa taa ya kawaida ya dari, bila doa la jua popote. Hapo umefaulu.

## Hatua ya 3: Siku ya sindano, andika saa

Kipimo cha porfima ni miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito. Mgonjwa wa kilo 60 hupewa miligramu 120, zikiingizwa polepole mshipani kwa dakika 3 hadi 5.

Andika saa ya sindano kwenye daftari papo hapo, kwa sababu mambo yote yanayofuata huhesabiwa kutoka hapo. Leza ya kwanza hupigwa kati ya saa 40 na 50 baada ya sindano. Aliyedungwa Jumatatu saa 4 asubuhi, nafasi yake hufunguka saa 8 usiku wa kuamkia Jumatano na kufungwa Jumatano saa 6 mchana. Ikiwa hospitali inakuambia mgonjwa apumzike arudi Ijumaa kwa leza ya kwanza, uliza sababu.

Hesabu ya siku 30 za kujikinga na jua nayo huanzia siku ya sindano, si siku ya kutoka hospitali wala siku ya kufika nyumbani.

Dawa ikimwagika nje ya mshipa, mkono huo utavimba na utahitaji kufunikwa kabisa kwa siku 30 au zaidi. Mgonjwa akilalamika kuwa mkono unawaka wakati wa sindano, mwite muuguzi mara hiyo hiyo.

## Hatua ya 4: Siku ya leza

Mgonjwa hukaa na njaa, hutulizwa kwa dawa, kisha hupigwa kamera, yaani hupitishwa mrija wenye kamera kooni, kama alivyopigwa wakati wa kuchunguzwa. Safari hii daktari hupitisha uzi mwembamba wa kioo unaotoa mwanga mwekundu wa nanomita 630. Kwa uvimbe unaoziba umio, kipimo cha kawaida ni juli 300 kwa kila sentimita ya uzi, na kila sehemu humulikwa kwa takriban dakika 12 na nusu. Leza hii haichomi kwa joto. Mwanga wake hupenya milimita 5 hadi 10 tu, ndiyo maana uvimbe mnene huhitaji kumulikwa tena.

Mara ya pili hufanywa kati ya saa 96 na 120 baada ya sindano, yaani kwa mfano wetu Ijumaa saa 4 asubuhi hadi Jumamosi saa hiyo hiyo. Kabla ya kumulika tena, daktari husafisha nyama iliyokufa. Hakuna sindano ya pili ya dawa katika mzunguko huo, hivyo familia isishangae wala isidai.

Waombe wauguzi mambo mawili. Taa kubwa za chumba cha upasuaji zisielekezwe kwenye ngozi ya mgonjwa, na kidude kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kihamishwe kidole mara kwa mara, kwa kuwa chenyewe kina mwanga na kimewahi kuunguza wagonjwa wa tiba hii.

Maumivu katikati ya kifua, homa ndogo, na kumeza kuwa kugumu zaidi kwa siku chache za mwanzo ni mambo ya kutarajiwa, kwa sababu umio umevimba. Familia nyingi huvunjika moyo hapa zikidhani tiba imeshindwa. Mgonjwa apewe dawa ya maumivu ya kutosha, akiwemo anayehitaji dawa kali. Kuvumilia maumivu hakumsaidii kupona.

## Hatua ya 5: Safari ya kurudi

Chagua ndege inayotua usiku, hata kama ni ghali kidogo au ina kusubiri kurefu Nairobi. Ndani ya ndege chukua kiti cha upande wa njia na uombe vifuniko vya madirisha ya safu hiyo vishushwe. Mwanga wa kawaida wa ndani ya uwanja wa ndege hauna neno, na afisa wa uhamiaji akitaka kuona uso, mgonjwa aufunue pale ndani kwa utulivu huku ukionyesha barua ya daktari. Hatari ni ile hatua ya kutembea kutoka kwenye ndege hadi jengoni mchana.

Kutoka Uwanja wa Moi hadi nyumbani, tumia gari lililofungwa, mgonjwa akae katikati ya kiti cha nyuma. Tuktuk haifai mchana kwa kuwa iko wazi pande zote mbili, wala bodaboda, na mwavuli hautoshi peke yake kwa sababu lami, kuta na maji hurudisha mwanga kutoka chini. Anayeishi Likoni avuke feri baada ya jua kuzama, akibaki ndani ya gari.

Hata usiku avae miwani yake njiani. Taa za magari yanayokuja mbele huumiza macho ya wagonjwa hawa.

## Hatua ya 6: Siku 30 ndani ya nyumba

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo wengi wanaposhindwa.

Mwanga hafifu wa ndani huivunja dawa iliyobaki kwenye ngozi kidogo kidogo bila kuunguza. Mgonjwa aliyekaa kwenye mwanga wa kawaida wa nyumbani kila siku huitoa dawa hiyo polepole, wakati aliyefungiwa gizani huihifadhi. Huyo wa gizani akifikisha siku ya 30 na kufungua mlango, anaweza kuungua kama mtu aliyedungwa wiki iliyopita. Kwa hiyo taa ya tyubu ya dari iwake mchana, televisheni iwe wazi, simu atumie, na uso na mikono viwe wazi akiwa ndani. Kinga ya nguo ni ya nje.

Taa za kuepuka ni zile kali zilizo karibu: balbu isiyo na kifuniko juu ya kitanda, taa ya kusomea iliyoelekezwa usoni, tochi yenye nguvu, na taa ya daktari wa meno. Jino likiuma, mpigie daktari wa meno kwanza umweleze. Kama linaweza kusubiri, lisubiri.

Saa za hatari za Mombasa ni ndefu. Tuko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta, jua hutoka kwenye saa 12 na kitu asubuhi na kutua kwenye saa 12 na kitu jioni karibu mwaka mzima, na mchana hukaa karibu na utosi. Wingu halisaidii. Siku ya mawingu ya mvua za Aprili bado ina mwanga mwingi kuliko chumba chenye taa tano, na watu huungua siku hizo kwa sababu hawahisi joto.

Jua likishazama kabisa, mgonjwa anaweza kutoka, na ningesisitiza atoke. Akae barazani na majirani, atembee mtaani, avute hewa ya bahari. Mwislamu anaweza kwenda msikitini kwa Isha na kwa Alfajiri, mradi arudi kabla ya kupambazuka. Ijumaa mchana ana udhuru wa ugonjwa. Mkristo aombe padri au mchungaji aje nyumbani jioni. Mazishi na harusi za mchana zimpite. Jamaa wakubwa waelezwe mapema ili asihesabiwe kuwa amewasusia.

Wageni ndio hufungua mapazia. Anakuja shangazi kutoka Kisauni, anaona chumba kimefunikwa, kwa huruma anavuta pazia ili ndugu yake apate hewa. Mpokee mlangoni kabla hajaingia: “Karibu, shangazi. Baba hajambo, ila dawa aliyodungwa haitaki jua. Tukae naye hapa penye taa, pazia tuliache.” Bandika pia karatasi mlangoni yenye maneno hayo hayo, maana hutakuwa nyumbani kila saa.

Mgonjwa akihisi kuwashwa, kuchomachoma au joto la ngozi, aondoke kwenye mwanga hapo hapo, asisubiri kuona alama. Poza kwa kitambaa chenye maji ya baridi na umpigie daktari. Malengelenge au uso uliovimba ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo.

Jioni ya kila siku andika kwenye daftari: homa, alichokula, maumivu, na kama aliguswa na jua. Kurasa hizo zitamsaidia daktari kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

## Hatua ya 7: Kulisha umio uliojeruhiwa

Fuata mpangilio wa hospitali: vinywaji vyepesi visivyo na mabaki kwanza, kisha vyakula laini, na vigumu mwishoni kabisa. Uji wa mtama au wimbi uliochujwa, maziwa, mtindi, supu ya samaki iliyochujwa, ndizi iliyopondwa na mbaazi za nazi zilizosagwa mpaka zikawa kama maziwa mazito, vyote vinafaa kwa awamu yake. Mkate, nyama ya vipande, mahamri na muhogo mkavu vingoje ruhusa.

Chai na kahawa zipozwe mpaka ziwe vuguvugu. Hili si la wiki za kupona tu: mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Sigara, tumbaku ya kutafuna na pombe viachwe kabisa.

Mgonjwa ale akiwa ameketi wima na asilale mapema baada ya kula. Dawa ya kupunguza asidi aliyoandikiwa aimeze bila kuruka siku. Kuhusu saumu, kama tiba imeangukia Ramadhani, umio wenye vidonda unahitaji maji mara kwa mara. Daktari na imamu wake waulizwe kabla, si baada.

Mambo yanakwenda vizuri ukiona kumeza kunakuwa kwepesi kila baada ya siku chache na uzito umeacha kushuka.

## Hatua ya 8: Dalili za kukimbilia hospitali

Usisubiri asubuhi ukiona mojawapo ya haya: kutapika damu au choo cheusi kama lami, maumivu makali ya ghafla ya kifua au mgongo, hasa pamoja na homa, kuhema kwa shida, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kukohoa kila anapomeza maji, au kushindwa kumeza hata mate. Umio unaweza kutoboka, maji yanaweza kujaa pembeni mwa mapafu, na moyo unaweza kuvurugika mapigo. Yote haya hutibika vizuri zaidi yakiwahiwa.

Ukiwa mchana, mfunike kabla ya kumtoa, lakini kumfunika kusikucheleweshe. Kuungua ngozi ni jambo dogo mbele ya kutokwa damu. Ukifika Hospitali ya Rufaa ya Pwani au nyingine iliyo karibu, kabidhi barua ya daktari mapokezini na useme kwa sauti kwamba mgonjwa asimulikwe kwa taa kali. Daktari wa zamu huenda hajawahi kukutana na dawa hii, na barua ndiyo itakayomweleza.

 

## Hatua ya 9: Jaribio la ngozi baada ya siku ya 30

Siku ya 30 si siku ya kutoka. Ni siku ya kwanza inayoruhusu kupima.

Toboa mfuko wa karatasi tundu la upana wa sentimita 5. Mgonjwa aingize mkono mmoja ndani yake, tundu likae juu ya kiganja upande wa nyuma, mwili mwingine wote ukiwa umefunikwa. Apeleke mkono huo kwenye jua la moja kwa moja kwa dakika 10 zilizopimwa kwa saa, si kwa kukisia, kisha arudi ndani. Usipime kwa uso hata kidogo, kwa kuwa uso ukivimba matokeo yake ni mabaya zaidi.

Subiri saa 24 kamili. Maelezo mengi ya hospitali yanasema utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, na hili limepotosha wengi wetu. Linganisha mikono miwili kwenye mwanga wa taa. Gusa mahali pa tundu kwa mgongo wa kidole chako: pana joto kuliko mkono wa pili? Pameinuka au pamekaza? Mgonjwa anahisi kuwashwa, kuchoma, au maumivu pakibonyezwa? Pana duara jeusi zaidi au lengelenge? Jibu la ndiyo kwa lolote lina maana dawa bado ipo.

Ikiwa ipo, rudi kwenye masharti yote kwa wiki 2 nyingine, kisha upime upya. Wapo wanaofika siku 90. Usibadili mkono ili kupata jibu zuri.

Pima ukiwa Mombasa, hata kama ulikwisha kupima na kufaulu mahali penye jua dhaifu. Watengenezaji wa dawa wenyewe wanaagiza jaribio lirudiwe mtu anapohamia penye jua kali zaidi.

Mkono ukiwa sawa baada ya saa 24, mgonjwa aanze na dakika chache za asubuhi mapema au jioni, akiongeza polepole huku akiangalia ngozi yake. Saa 6 mchana iachwe mwisho.

## Hatua ya 10: Kamera ya kurudia na wiki zinazofuata

Usikose miadi ya kupigwa kamera. Umio unapopona unaweza kusinyaa kwa makovu, na mgonjwa aliyekuwa akila ugali vizuri anaanza tena kusakamwa wiki kadhaa baadaye. Familia hudhani uvimbe umerudi na kukata tamaa. Inawezekana ni kovu tu, ambalo hupanuliwa kwa kamera, wakati mwingine zaidi ya mara moja.

Uvimbe ukiwa umebaki, tiba inaweza kurudiwa hadi mizunguko 3, kila mmoja ukitenganishwa na uliotangulia kwa siku zisizopungua 30. Sindano mpya ina hesabu mpya: fungua ukurasa mwingine wa daftari, andika saa, na urudishe mapazia kabla mgonjwa hajatoka hospitali.